Mgombea wa Mfongo Wetu

Mtu akishindwa uchaguzi mara moja, watu husema fulani alishindwa. Akishindwa tena, husema ana roho ngumu. Baada ya hapo hupewa cheo. Wa kwetu tulimpa cheo cha Mgombea, na nadhani watoto wa kitongoji chetu walikua wakiamini kwamba hiyo ni kazi, kama ualimu au useremala. "Shikamoo, Mgombea," walisema wakipita na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, naye aliitikia marahaba bila kinyongo.

Aligombea kila kitu chenye kiti. Uenyekiti wa kitongoji, ujumbe wa bodi ya chama cha wakulima wa kahawa, uzee wa kanisa, kamati ya shule ya msingi, hata uongozi wa kwaya, ingawa sauti yake ilikuwa ya kufukuzia ngedere. Hayo yote yalikuwa mazoezi. Alichokitaka kwa kweli kilikuwa kimoja tu, uenyekiti wa mfongo.

Kwa asiye wa huku Marangu, mfongo ni mfereji wa maji. Waliuchimba wazee wetu kwa mikono, wakautoa kwenye korongo huko juu karibu na msitu, wakaushusha kwa kuzungukazunguka katikati ya vihamba. Kihamba ni shamba la nyumbani, migomba na kahawa pamoja, na humo humo yamo makaburi ya waliotutangulia. Mfongo wetu ni wa sisi tunaotumia maji yake. Tunausafisha pamoja, asiyefika anatozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na tunachagua mwenyekiti ambaye kazi yake kubwa ni kutamka zamu ya maji inaanza kwa nani.

Tangu nilipopata akili, zamu ilianza juu. Wenye vihamba vya juu walifungua kwanza, wakamwagilia wakaridhika, na kilichobaki kikashuka. Wakati wa kiangazi hakikubaki kitu. Watu wa chini walikaa wakitazama majani ya migomba yao yakijikunja, na mmoja mmoja wakaanza kuuza vipande vya kihamba kwa watu wa Moshi mjini wanaotafuta mahali penye hewa nzuri pa kujenga. Ukiuza kihamba umeuza na makaburi. Hilo kwetu halisemwi kwa sauti, lakini kila mtu analijua.

Mgombea alikuwa wa chini. Sera yake ilikuwa sentensi moja, haikubadilika uchaguzi hata mmoja: "Kiangazi, zamu ianze chini."

Mimi ni wa juu.

Majina ya mtu wa kushindwa ni mengi kuliko ya mshindi. Pale kwa mama muuza mbege, Mgombea aliitwa kila jina lililokuwa likivuma wakati huo, naye alikuwa na tabia ya kuyapekua moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye maharage. Kibonde hakulikataa. Limetoka mpirani, alisema, ni ile timu ambayo wenzake huiendea kuchukua pointi. "Lakini kibonde anaingia uwanjani kila wiki. Ninyi mmekaa nje mnakula karanga." Msindikizaji lilimuudhi, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake: ni yule anayesimama ili uchaguzi uonekane uchaguzi. Mnyonge alilikataa katakata. "Mnyonge hana mdomo. Mimi nimenyimwa maji tu, mdomo ninao." Kapuku na pangu pakavu aliyapokea kama taarifa ya hali ya hewa. Mfuko wake ulikuwa hivyo hivyo, hakuona sababu ya kubisha. Siku moja dereva wa lori la ndizi alimwita dagaa mbele ya papa. Mgombea alimtazama kwa utulivu. "Dagaa analiwa na kichwa chake," akasema. "Changu hiki hapa, nimekuja nacho."

Neno la wageni aliletewa na mpwa wake, kijana anayeongoza watalii kupanda mlima. Alikuwa ameshuka siku hiyo, uso umebabuka kwa jua la kileleni, akawa ananunulia watu mbege.

"Mjomba," alisema, "wewe kwa Wazungu ungeitwa andadogi."

"Ndiyo nani huyo?"

"Ni mbwa wa chini. Mbwa wawili wakipigana, yule aliyelaliwa."

Kilabu kizima kilicheka. Mama muuza mbege alilazimika kushika mtungi wake. "Yesu mae!" alisema. "Huyu mtoto kapanda mlima wote ule, karudi kumwita mjomba wake mbwa!"

"Siyo tusi, mama. Wao mtu huyo wanampenda. Mechi ikichezwa, yule asiyetarajiwa kushinda ndiye wanayemshangilia."

Mgombea aliweka kata yake chini. "Wananipenda kwa sababu nimelaliwa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na nikiinuka, nikamlalia yule mwingine?"

Kijana alifikiri. "Hapo watamshangilia yule mwingine."

"Basi hao nao hawataki maji yaanze chini," Mgombea alisema. "Wanataka kutazama." Akachukua kata yake, akaendelea kunywa.

Nimesema alikuwa mtu wa kushindwa, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyethubutu kumpinga, nalo lilikuwa kisu. Kwetu mbuzi wa shughuli hakatwi ovyo. Shingo ina mwenyewe, kidari kina mwenyewe, ubavu una wenyewe, na mtu akipewa kipande kisicho chake anaweza kuondoka kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake na asirudi kwa miaka. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikosana kwa sababu ya figo. Kazi ya kugawa alipewa Mgombea, na watu wa juu ndio waliokuwa wa kwanza kumtuma mtu kumwita. Alifika na kisu chake kimefungwa kwenye gunia, akavua koti, akakata, akaita jina baada ya jina. Sikumbuki mtu aliyewahi kulalamika.

Kwa hiyo tulimwamini kwenye nyama. Siku nyingine, mimi mwenyewe nikiwa nimetoka kupokea ubavu wangu kutoka mkononi mwake, nilimwuliza mwenzangu kwa nini tusimpe mtu huyu mfongo. Mwenzangu alinishangaa. "Kwa sababu atagawa," alisema.

Hayo ndiyo maelezo bora niliyowahi kuyasikia, na hayakunizuia kurudi kwenye mstari ule ule uchaguzi uliofuata.

Nieleze mstari. Uchaguzi wa mfongo hauna karatasi wala sanduku. Wagombea wanasimama kwenye uwanja mdogo pale maji yanapogawanyika, wanaelekea mlimani, na anayemtaka fulani anakwenda kusimama nyuma yake. Mgombea yeyote haruhusiwi kugeuka mpaka watu wamehesabiwa na kutawanyika. Wazee waliweka sharti hilo ili mtu asije akamwekea jirani yake kinyongo. Anakaa pale ameshika kofia, anatazama wingu lililofunika kilele cha Kibo, na nyuma yake anasikia viatu.

Mpinzani wake alikuwa akitikisatikisa mguu, akikohoa, akichungulia kwa pembe ya jicho. Mgombea alisimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Baadaye niligundua kwamba alikuwa amejifunza kusikiliza. Alijua buti za mvua za nani zina tundu. Alijua nani anaburuta mguu wa kushoto. Tulipokuwa tukirudi nyumbani baada ya uchaguzi mmoja, aliniambia bila hasira yoyote, kama anayenipa habari za barabara:

"Karani, kikohozi chako kiko upande ule ule."

Aliniita Karani kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani kwenye ghala la kahawa mjini kabla ya kurudi kwenye kihamba cha baba.

"Vumbi hili," nilimwambia.

"Ndiyo. La upande ule ni kali."

Ningeweza kusema nilikuwa na ng'ombe watatu zizini, watoto shuleni, kahawa iliyotaka maji. Yote hayo nilikuwa nayo. Yeye pia alikuwa nayo, isipokuwa ng'ombe wake walikuwa wawili na walikonda. Sikuwa na sababu iliyozidi yake. Nilikuwa na kihamba kilichokaa juu ya chake.

Wasimulizi wa watu wa aina hii hupenda kuwafanya watakatifu, na mimi nitajizuia. Nyumbani kwake mtu wa chini hakuwa na haki kubwa. Kwenye drafti alikuwa mkatili. Akicheza na mtu anayejifunza, hakumwachia hata kete moja, na alipokuwa akila kete zake alizihesabu kwa sauti ili walio barabarani wasikie. Akishindwa yeye, jambo lililotokea mara chache, alikunja ubao akasema kete zimechongwa vibaya. Ngazi yake hakumwazima mtu. Na mpira alishangilia timu inayoongoza. Simaanishi alikuwa na timu kubwa anayoipenda. Namaanisha aliingia kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, akauliza matokeo, kisha akakaa upande wa wanaoongoza, na bao likirudishwa alihama benchi.

"Huoni aibu?" kijana mmoja alimwuliza. "Wewe kibonde mwenzao hawa, unawakimbia?"

"Kushindwa nashindwa mwenyewe," alijibu. "Siwezi kushindwa kwa niaba ya watu wa Dar."

Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyeuza maziwa na parachichi pale njia panda. Uchaguzi mmoja alisimama kwenye mstari wa mpinzani. Kila mtu alimwona isipokuwa mumewe, aliyekuwa akitazama mlima. Watu walisubiri kwa hamu habari zimfikie, na zilimfikia kabla hajafika nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye kijia, nikasikia yote.

"Nimeambiwa ulikuwa upande wa kule."

"Nilikuwa."

"Mama, hata wewe?"

"Asubuhi nilikuomba ngazi nichume parachichi. Ukaniambia ngazi siyo ya kuchezea."

Alitembea hatua kadhaa akilitafakari. "Ni kweli nilisema," alisema mwishoni. Uchaguzi uliofuata mkewe alikuwa wa kwanza nyuma yake, na parachichi zilikuwa zikichumwa kwa ngazi.

Sijawahi kumsikia akisema ameonewa. Alisema ameshindwa. Aliyatofautisha maneno hayo mawili kwa makini kuliko sisi tuliosoma. Kuonewa, kwake, kulimaanisha sharti limevunjwa, na sharti la mstari halikuvunjwa hata siku moja. Watu walikwenda kwa miguu yao. Ndiyo maana baada ya kila uchaguzi alimpa mshindi mkono, akamtakia heri, na asubuhi iliyofuata alikwenda kumwomba azingatie suala la kuanza chini. Mshindi alisema litazingatiwa. Mgombea akarudi kukata majani.

Jambo ninalotaka kukueleza lilitokea kiangazi cha mwaka jana, sote wawili tukiwa tumeanza kutembea kwa fimbo.

Mwenyekiti wa mfongo wa miaka mingi, tajiri mmoja wa huku juu mwenye banda kubwa la ng'ombe wa maziwa, aliugua, na watoto wake wakamchukua kwenda kuishi nao Dar es Salaam. Kiti kikabaki wazi na hakuna aliyekitaka. Vijana wanapanda mlima na watalii, au wanaendesha bodaboda mjini, na maji ya kunywa siku hizi yanatoka bombani. Lakini bomba lina mita, huwezi kumwagilia migomba kwa bomba, na mvua zenyewe zimekuwa za kubahatisha. Kule chini walikuwa wamebaki wachache. Mjane wa mwisho kabisa, ambaye kihamba chake ndicho mfongo unapoishia, alikuwa ameshapata mnunuzi, mtu wa Soweto, Moshi. Alikuja na gari, akapima kwa hatua, akasema angerudi mwisho wa mwezi. Mjane alikuwa hajampa jibu. Alisema anaitazama migomba kwanza.

Wazee wakaona mambo yamekuwa rahisi. Wakatuma watu watatu kwa Mgombea, mimi nikiwa mmoja wao. Tulimkuta anasafisha zizi.

"Tumekuja na habari njema," mzee wetu wa kanisa alimwambia. "Kiti ni chako. Unapita bila kupingwa."

Alisimama na chepeo yake. "Nani anagombea na mimi?"

"Hakuna. Ndiyo maana ya bila kupingwa."

"Basi sigombei."

Tulidhani anatania. Mkewe aliyekuwa akikamua alisimamisha mikono. "Baba, watu wamekuletea kiti mpaka zizini."

"Wamekileta kwa sababu hakuna anayekitaka," alisema. "Nikikaa juu yake, siku ya kwanza nikisema zamu ianze chini, wa juu watauliza nani alinichagua. Nitawajibu nini? Kwamba niliokota?" Akaendelea kuchota samadi. Baada ya muda akanyoosha chepeo kunielekeza mimi. "Karani asimame."

"Mimi sitaki uenyekiti," nilisema.

"Ndiyo nakuomba wewe. Mimi nimewasindikiza miaka yote hiyo. Nisindikize mara moja."

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka, na nikakubali. Nilijua nilichokuwa nadaiwa na mtu yule, ingawa yeye hakuwahi kudai. Nilifikiri hii ilikuwa bei ndogo. Nitasimama, nitaaibika kidogo, naye atapata mfongo wake kwa mstari halali, na mjane atapata maji kabla mtu wa Soweto hajarudi. Nilikwenda hata kuwaambia majirani zangu wawili kwamba sina haja ya kura. Wakaitikia kwa kichwa. Nilidhani wamenielewa.

Siku ya uchaguzi tulisimama, yeye kulia na mimi kushoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuangalia upande ule. Nilikuwa nimehudhuria chaguzi zote zile na sikujua kwamba ukisimama pale huoni mtu, unaona migomba ya shule, paa la kanisa, na mlima kama umeamua kujitokeza. Watu wakaambiwa waende. Nikasikia viatu nyuma yangu. Kwanza niliridhika, nikadhani wanapita kwenda kwake. Vikaendelea kuja. Mtu alisimama karibu kiasi cha kunipumulia shingoni, na pumzi yake ilinuka kahawa. Nilitaka kugeuka niwaambie wamekosea. Mgombea, bila kunitazama, alisema kwa sauti ya chini:

"Usigeuke, Karani. Ni sharti."

Tulipogeuka, watu wakiwa wameshatawanyika, niliambiwa mstari wangu ulikuwa umefika kwenye ukingo wa mfongo na kukunja kona. Nyuma ya Mgombea walikuwa wamesimama mkewe, mjane wa chini, na wachache wengine. Hata watu wa chini baadhi walikuwa kwangu. Mmoja wao, mzee mwenye shamba jirani na la mjane, aliona ninavyomtazama, akainamisha macho. "Mangi, usinilaumu," alisema, akiniita kwa cheo cha machifu wetu wa zamani. "Nimechoka kusimama kwenye mstari mfupi."

Jirani yangu wa juu alinipiga bega. "Hongera, mwenyekiti. Maji yetu yako salama."

Mgombea alinipa mkono. Alinitakia heri kwa maneno yale yale niliyomsikia akiwatakia wote walionitangulia.

Nilimfuata njiani. Nilimwambia nitajiuzulu jioni hiyo hiyo, wamwachie yeye.

Alisimama kupumzisha mguu. "Nimeshindwa na matajiri, nimeshindwa na walevi, nimeshindwa na mtu aliyekufa kabla hajaapishwa," alisema. "Kushindwa na mtu asiyetaka, hilo bado. Usiniletee." Kisha akaanza kushuka. Hakuniuliza zamu ingeanza wapi. Nilimsubiri aniulize, maana kila mshindi aliulizwa. Asubuhi iliyofuata nilikaa barazani nikimngoja. Hakuja.

Niliamka siku ya zamu nikachukua jembe. Matolea ya maji ya huku juu yanazibwa kwa magamba ya mgomba na udongo. Anayefungua anabomoa kizibo, maji yanaingia kwake. Majirani zangu walikuwa wameshalegeza vizibo na kusimama kila mmoja penye tolea lake wakiningoja nitamke. Nilianza na tolea langu. Nililiziba upya, nikalikandamiza kwa mguu, ng'ombe wangu wakinitazama kutoka zizini. Kisha nikashuka kando ya maji.

"Mwenyekiti," jirani yangu aliita, "umepita. Kwangu ndipo panapofuata."

"Leo kunaanzia chini."

"Chini kwa nani?"

"Chini kabisa."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wa siku ya kwanza. Nilipofika kwenye tolea lake nikaliziba. "Karani," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, "sisi ndio tuliokuweka."

"Mmeniweka nitamke. Nimetamka."

"Umerogwa na yule kibonde."

Wengine walipaza sauti zaidi yake, na mama mmoja ambaye mimi ni mzee wa ubatizo wa mtoto wake aliniambia nisikanyage tena kwake. Niliendelea kuziba. Sikuwa jasiri. Kama Mgombea asingekuwa ametokea pale kwenye kona ya shule, akanifuata nyuma na fimbo yake, sijui ningefika wapi. Mtu yule aliyekuwa na maneno ya kila jina safari hii alinyamaza mpaka chini.

Maji yalitangulia mbele yetu, yakisukuma majani makavu na uchafu, kwa sababu ule upande wa mfongo ulikuwa haujapitiwa na kitu tangu mvua za masika. Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Aliyasikia kabla hajayaona. Alinyanyuka, akaenda mwenyewe kubomoa kizibo kwa mikono, na maji yakaingia kwenye migomba yake, yakajaza shimo la kwanza, kisha la pili. Hakutushukuru. Alituambia tusogee, tumekanyaga miche ya kahawa.

Tulikaa kwenye jiwe ukingoni. Mgombea alivua viatu, akatumbukiza miguu majini. Nilisubiri aseme lolote kuhusu siku hiyo.

"Uchaguzi ujao nasimama," alisema.

"Bado unasimama? Si maji haya hapa?"

"Nasimama. Na safari hii nashinda." Alikuwa akihesabu kwa vidole, na uso wake ulikuwa ule wa kwenye drafti. "Huyo jirani yako, kura yangu. Yule mama wa ubatizo, yangu. Wa juu wote, yangu. Wewe sasa ndiye kibonde, Karani. Huna mtu."

"Lakini wewe ndiye uliyetaka zamu ianze chini! Miaka yote! Wanajua."

"Wanajua. Ila wanataka kukutoa wewe zaidi."

Nilimtazama kuona kama anatania, na sikuweza kujua. Nikamwuliza jambo lililokuwa limebaki: je, akishinda kwa kura za watu wa juu, zamu itaanzia wapi?

Alitoa miguu majini, akaikausha kwa kofia yake, mmoja kisha mwingine, bila haraka.

"Nishinde kwanza," alisema.